Meno Ishirini na Sita

Nilikuwa natafuta kifungo cha koti,
cheusi, chenye matundu manne,
na droo ya cherehani ya mama ikagoma kidogo
kisha ikafunguka, kama mtu aliyechoka kukataa.

Nyuma kabisa, chini ya zipu kuukuu,
kopo la peremende, kutu imeshika ukingo.
Nikalitikisa. Likalia kama punje za mahindi.
Meno. Ya utotoni, yamepauka,
mengine yana tone la damu kavu kwenye kitako.

Nikayapanga mezani kati ya maganda ya vitunguu.
Huku ukingoni mwa Ziwa Peipsi kila meza ina maganda hayo;
vitunguu hutulisha,
na hutupa kisingizio cha kulia.

Nikahesabu. Ishirini na sita.
Nikahesabu tena, nikianzia mwisho.
Mtoto hung'oka ishirini, basi,
mwalimu Heino alitufundisha darasa la tano,
na mimi ni mtoto wa pekee, Ustinia Akimovna,
tangu nijitambue nalala peke yangu
katika chumba chenye ndoano mbili za makoti,
moja juu kidogo ya nyingine.

Hapo ndipo mluzi uliponirudia.
Sura sikuipata. Mluzi tu,
unapenya kwenye pengo la meno ya mbele,
na mtu ananiambia: kunja ulimi, mjinga wewe, puliza.
Zamani nilimuuliza mama nani alinifunza.
"Upepo," akasema, nami nikaamini.
Nilikuwa na miaka sita; upepo ulikuwa na mdomo.

Kila Jumamosi jioni bibi Fevronia husoma majina ya marehemu
mbele ya picha takatifu, kwa mshumaa wa nta,
kitabu kimeshonwa upya kwa uzi wa nyavu.
Majina sabini, nayajua kama ngazi za nyumba yetu gizani.
Ila baada ya babu Zinovi kuna ngazi moja huiruka:
humeza mate, hugeuza ukurasa.
Nilidhani ni uzee.
Jumamosi hii sikusimama kando yake, nilisimama nyuma.
Lavrenti. Mtoto. Miaka minane. Aprili.

Mama alikuwa anasuka vitunguu. Hakuacha kusuka
hata nilipomwekea kopo mapajani.
Kisha akaokota jino moja, akalitambua.
"Hili lilitoka kwa uzi na kitasa cha mlango,"
akacheka, na kicheko kikamvunjikia kooni.

Nikasubiri. Sikumsaidia.
Akasema barafu ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.
Akasema mtoto wa miaka minne alitoka bila kofia,
akaenda, akaenda, akimfuata shakwe,
na kaka yake akamfuata kwa sikio,
maana mluzi ulitokea kule, mbovu, wa mtu anayejifunza.
Akasema barafu humbeba aliye mwepesi.

Hakusema zaidi. Hakukuwa na haja.
"Tuliapa," akasema, "sisi, bibi yako, hata jirani Tiit
asiyeweza kutunza siri ya bei ya samaki.
Usije ukakua ukijihesabia."

Miaka kumi na miwili kijiji kizima kilinishika kama yai
na mimi nilidhani wananipenda bure.
Nilikasirika. Nilipiga teke ndoo, vitunguu vikatawanyika,
kisha nikapiga magoti kuviokota,
na mama naye, vichwa vyetu vikagongana chini ya meza.

Usiku tulijaribu kuyatenga meno,
ishirini huku, sita kule.
Hatukuweza. Yalifanana mno.
Mama akayarudisha yote koponi
na kopo akaliacha juu ya meza, mbele ya watu.

Kifungo sikukipata.
Nilikwenda shule koti wazi, upepo ukinipekua,
na niliporudi nililitundika
kwenye ndoano ya juu.